Barua kwa mwanangu: kutafuta kazi ya unesi California

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mmepata nyumba huko Sacramento na kwamba mumeo ameshaanza kazi. Umeniuliza mambo mawili: kama usubiri leseni ya California itoke ndipo uanze kuomba kazi, na kama uikubali nafasi uliyoahidiwa katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa kuwa hospitali ulizoziandikia zimekaa kimya. La kwanza nakujibu kwamba usisubiri hata siku moja. La pili, usitie sahihi popote mpaka ujibiwe maswali nitakayoyaeleza hapa chini.

Naanza na leseni, kwa sababu hata hiyo nyumba ya wazee haiwezi kukuajiri kama nesi bila leseni. Leseni uliyofanyia kazi hapa Texas ilikuwa ya mapatano ya majimbo, yaani leseni moja inayokubaliwa katika majimbo yote yaliyojiunga, ndiyo maana ulipokwenda Arizona kwa ule mkataba wa wiki 13 hukudaiwa nyingine. California haimo katika mapatano hayo, na kwa kuwa makazi yako rasmi sasa yako huko, leseni yako inabaki kuwa ya Texas peke yake. Wajulishe bodi ya Texas kwamba umehama, lakini usiiache leseni yenyewe ikaisha muda. Mtihani wa NCLEX, ule wa kupatia leseni ya unesi, hutaurudia, kwani ni mmoja kwa nchi nzima. Bodi ya Uuguzi ya California itataka uthibitisho wa leseni ya Texas, ambao hupatikana kupitia Nursys, mfumo wa mtandaoni wa kuthibitishia leseni za manesi, matokeo yako ya masomo yakitumwa na chuo chenyewe wala si kwa mkono wako, pamoja na alama za vidole. Katika hilo la vidole una nafuu, maana aliyeko California huchukuliwa alama kwa mashine ya Live Scan na zikatumwa papo hapo, ilhali anayeomba akiwa nje ya jimbo hupakwa wino, akatuma kadi kwa posta na kungoja. Katika ombi hilohilo omba pia leseni ya muda, ambayo hudumu miezi 6, ili uweze kushika zamu wakati ile ya kudumu ikishughulikiwa.

Yule rafiki yako aliyesomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, ambaye naye anataka kuwafuata huko, mwambie asihame kwanza. California huyachambua upya masomo ya waliosomea nje ya Marekani, na huangalia kama mazoezi ya wodini yalifanyika sambamba na nadharia ya somo lilelile. Wapo waliokwama hapo ingawa walikuwa na leseni ya jimbo jingine na miaka mingi kazini.

Sasa kuhusu huo ukimya. Fomu nyingi za maombi huuliza mwanzoni kabisa kama una leseni ya California, na ukijibu kwamba huna, huenda ombi lako lisifike mbele ya macho ya mtu. Usidanganye, kwa sababu leseni ya nesi huthibitishwa kwa dakika moja tu. Badala yake, juu kabisa ya wasifu wako, chini ya jina, andika: “Leseni ya Texas ni hai, ombi la leseni ya California, ya muda na ya kudumu, limewasilishwa tarehe fulani, alama za vidole zimechukuliwa.” Kisha mtafute kwa simu afisa wa ajira anayehusika na wodi za moyo, umweleze hayo kwa mdomo. Nasema wodi za moyo kwa makusudi, kwa sababu wasifu ulionitumia unasema uko tayari kufanya kazi “popote”, na msimamizi wa wodi hamtafuti mtu wa popote. Anamtafuta anayejua kusoma mapigo ya moyo kwenye skrini saa tisa usiku.

Sababu nyingine ya ukimya huo ni vyama vya wafanyakazi, ambavyo huko vina nguvu tusiyoizoea Texas. Katika hospitali zenye chama, nafasi ikitokea hutangaziwa kwanza walio ndani, na mwenye miaka mingi hutangulia, hivyo mgeni huachiwa zamu za usiku au kazi ya kuitwa siku ambazo wodi imepungukiwa. Mimi ningeichukua hiyo kazi ya kuitwa bila kusita, kwa kuwa ukishaingia unahesabiwa kuwa mtu wa ndani. Miji ya Stockton na Modesto, kusini mwa Sacramento, nako usikudharau, hata kama mumeo analalamikia mwendo wa gari.

Kuhusu nyumba ya wazee, kazi yenyewe ni ya heshima, lakini fahamu unachokiacha. Sheria ya California ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika hospitalini mwaka 2004, imeweka kikomo cha wagonjwa kwa kila nesi: mahututi 2, wodi za moyo kama yako 4, wodi za kawaida na za upasuaji 5, na kikomo hicho hakilegezwi hata nesi anapokwenda kula. Sheria hiyo ni ya hospitali. Nyumba za wazee hazimo. Basi waulize: zamu ya usiku nesi mmoja anashika wazee wangapi, na akitoka kupumzika ni nani anayewashika? Waulize pia kuhusu hizo fedha za kukukaribisha kazini: ukiondoka kabla ya muda utarudisha kiasi gani, na je, utarudisha hata kile kilichokatwa kodi? Wakupe majibu hayo kwa maandishi. Ukikubali, usikae muda mrefu, kwani hospitali nyingi huuliza kama umefanya kazi ya wodini hivi karibuni.

Nitumie huo wasifu ukishaurekebisha, kabla hujautuma kwingine. Nitausoma nikitoka zamu. Baba yako anakusalimu, nawe umsalimie mumeo.

Ni mimi mama yako.