Kodi ya abiria: Luano na Ndola

Ndugu, umeuliza kama Go-Pass, kodi anayotozwa abiria anayepanda ndege Kongo (DRC), inasukuma abiria wa Lubumbashi wauache uwanja wao wa Luano wapandie ndege Ndola, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia. Inaweza, hasa familia. Ilianza 2009, dola 50 kwa safari ya nje: watu wanne, 200 kabla ya tiketi. Toa humo teksi hadi Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, viza na siku inayopotea mpakani. Anayesafiri peke yake mara nyingi habakiwi na kitu.

Uholanzi nayo ilitoza kodi ya abiria, yuro 11.25 kwa safari fupi au 45 kwa ndefu, kuanzia Julai 2008. Wengi wakaenda kupandia Ujerumani, na mwaka mmoja baadaye ikafutwa. Wanaobadilisha ndege Schiphol, uwanja mkuu wa Amsterdam, hawakulipa, kwa hiyo uwanja huo haukupoteza abiria hao. Uwanja wa Maastricht, karibu na mpaka na usio na abiria hao, haukuwa na kinga hiyo. Luano pia hauna.