Usiwapulizie sumu hao mbawakawa

Mkuu, umeuliza kama mbawakawa wakubwa weusi wanaokimbia usiku kwenye mahindi yako pale Magu ndio wanaokata miche, na uwapulizie dawa gani. Kwa maelezo yako (miguu mirefu, taya kali, harufu mbaya ukiwashika) naona ni jamii ya kalosoma. Hao hula viwavi, miche hawaigusi. Mabuu wao pia huwinda viwavi, na hata mabuu bubu (viwavi walio katika hatua ya kugeuka kuwa nondo) waliojificha udongoni. Marekani walianza kuagiza kalosoma kutoka Ulaya mwaka 1905 wakawale viwavi waliokuwa wakimaliza majani ya misitu. Wewe umewapata bure.

Anayekata miche huenda ni sota. Asubuhi fukua udongo kidogo kuzunguka mche uliokatwa: ukikuta kiwavi wa kijivu aliyejikunja, umempata. Mponde hapo hapo.

Sumu ya kumwaga chini achana nayo, itaua walinzi kwanza. Kama kuna viwavijeshi vamizi, hao wapo juu, ndani ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea, kwa hiyo dawa ielekezwe humo tu, shamba lote la nini? Mabua ya msimu uliopita usiyachome, yatandaze katikati ya mistari. Mchana mbawakawa hujificha chini yake.

Ila usitegemee wamalize kazi peke yao. Viwavi wakivamia kwa wingi, mwite bwana shamba wa kata mapema, kabla mahindi hayajatoa mbelewele.