Kamaabara kangu ka nyumbani

Swali: Anko, niko kidato cha pili, nataka kamaabara kangu nyumbani ila hela ya bika, vile vikombe vya kioo vya maabara, sina kabisa, nianzeje?

Jibu: Mdogo wangu bika achana nazo kwanza, chupa za jemu zinatosha sana, ila usizipashe moto maana zinapasuka, na sirinji ya mililita 10 bila sindano inapima vizuri tu. Chemsha kabichi ya zambarau, yale maji ndo indiketa yako, yaani yanabadilika rangi kukuonyesha kitu ni asidi au besi, tia siki yanakuwa mekundu, tia magadi yanageuka kijani, raha tupu! Kwenye miwani ya kukinga macho usibane hela. Jiki na siki usichanganye kamwe, inatoka gesi ya klorini, hiyo ni sumu. Halafu fanyia barazani, sio jikoni kwa mama.