Ni nani anayeimba? Kumtambua mwimbaji asiyejulikana kwenye santuri adimu za soul

Mkuu mwanzisha uzi ana santuri ndogo ya mizunguko 45, muziki wa soul wa Marekani wa miaka ya 1960, yenye lebo nyeupe na jina la kundi la wanawake ambalo hajalikuta mahali pengine popote. Alipoisikilizisha simu yake wimbo huo, programu ya kutambua nyimbo ilimletea jina la kundi jingine kabisa, na sasa anauliza aamini lipi. Baadhi ya wachangiaji wamemwambia aamini lebo kwa kuwa ni ya zamani, wengine wamemwambia aamini simu kwa kuwa haina upendeleo. Nimekusanya santuri za aina hii kwa miaka mingi na nimeshirikiana na wakusanyaji wenzangu katika kuwatambua waimbaji wake, na kwa uzoefu huo ningemshauri asiamini lolote kati ya hayo mawili kwa sasa. Lebo ni dai la mtu aliyekuwa akiuza santuri. Programu ya simu nayo haimsikilizi mwimbaji hata kidogo: inalinganisha rekodi yako na rekodi zilizomo katika hazina yake, kisha inarudisha jina ambalo mtu fulani aliliandika pale, liwe sahihi au liwe limenakiliwa kutoka kwenye lebo ileile inayotiliwa shaka.

Inafaa kwanza kuelewa ni kwa nini majina yalipotoshwa, kwa sababu kila aina ya upotoshaji huacha alama zake. Ule wa makusudi kabisa ulifanyika Uingereza, si Marekani. Katika miji ya viwanda ya kaskazini mwa nchi hiyo, vijana walikuwa wakikesha wakicheza soul ya Marekani ambayo huko Marekani kwenyewe ilikwishasahauliwa, katika kumbi kama Twisted Wheel ya Manchester na baadaye Wigan Casino, iliyokesha hivyo kuanzia mwaka 1973 hadi 1981. Heshima ya dijei ilitokana na kuwa na santuri ambayo mwenzake hana, kwa hiyo alibandika karatasi juu ya lebo na kutangaza jina la uongo la wimbo na la mwimbaji ili wapinzani wasijue waitafute wapi. Mbinu hiyo haikuwa mpya, kwani wenye mitambo ya muziki wa mitaani huko Jamaica walikuwa wakikwangua lebo za santuri zao tangu miaka ya 1950. Tatizo ni kwamba majina ya uongo hayakubaki ukumbini. Yaliingia kwenye kanda, kwenye nakala za magendo, na hatimaye kwenye intaneti.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni “Do I Love You (Indeed I Do)”. Frank Wilson aliuimba mwaka 1965 kwa ajili ya Soul, moja ya lebo (yaani chapa za biashara) za Motown, kampuni ya santuri ya Detroit, lakini akachagua kazi ya utayarishaji badala ya uimbaji, na nakala zilizokwisha kutengenezwa zikaharibiwa isipokuwa chache mno. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wimbo huo ulienea Uingereza kwenye santuri za magendo zenye jina la Eddie Foster, hadi Motown yenyewe ilipoutoa rasmi huko mwaka 1979 kwa jina la Wilson. Kinachoniudhi mimi katika kisa hiki ni kwamba Eddie Foster alikuwepo kweli. Alikuwa mwimbaji wa California mwenye santuri yake nzuri, na jina lake lilichukuliwa kama koti la kuazima. Mtu aliyetaka kuhakiki wakati ule angelikuta jina la Foster katika orodha za kweli za waimbaji wa soul na kuridhika kwamba amepata ushahidi. Nakala moja ya asili ya Wilson iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000 mwaka 2009, na kwa fedha za namna hiyo ni rahisi kuelewa kwa nini bado kuna watu wanaobuni majina.

Upotoshaji wa pili ulifanywa na kampuni zenyewe. Mwaka 1962 mtayarishaji Phil Spector alikuwa na haraka ya kurekodi “He’s a Rebel” kabla ya toleo la mwimbaji mwingine, Vikki Carr, kumtangulia. Kundi lake la The Crystals lilikuwa New York na yeye alikuwa Los Angeles, kwa hiyo aliwaita Darlene Love na wenzake wa The Blossoms, akarekodi, kisha akaandika The Crystals kwenye lebo. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani Novemba mwaka huo, nao wasichana wa The Crystals wakalazimika kuuimba majukwaani wimbo ambao hawakuurekodi. Hapo jina la kundi lilikuwa la kweli na sauti ilikuwa ya watu wengine. Ikiwa hilo liliwezekana kwa wimbo uliosikika nchi nzima, fikiria kilichowezekana kwa santuri iliyotolewa na kampuni ya mtu mmoja mwenye duka la kinyozi na nakala mia chache.

Kisa ninachokipenda zaidi, na kilicho karibu zaidi na santuri ya mkuu, ni cha The Andantes. Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps walikuwa waitikiaji wa Motown mjini Detroit, na sauti zao zimo katika sehemu kubwa ya nyimbo za kampuni hiyo za miaka ya 1960, mara nyingine zikichukua nafasi ya watu ambao picha zao zilikuwa kwenye jalada. “Love Child” ya mwaka 1968 imeandikwa Diana Ross and the Supremes, lakini wanaomwitikia Ross humo ni The Andantes, si Mary Wilson na Cindy Birdsong, wenzake wa kundi hilo. Mwaka 1964 Motown ilitoa santuri moja yenye jina lao wenyewe, “(Like a) Nightmare”, kwenye lebo yake ya V.I.P., na leo ni miongoni mwa santuri adimu za kampuni hiyo. Mtu angedhani kwamba hapo angalau hakuna fumbo: lebo inasema The Andantes, na kweli The Andantes wamo. Hata hivyo, anayeongoza wimbo ni Ann Bogan, ambaye hakuwa mmoja wa wale watatu na ambaye miaka michache baadaye aliingia The Marvelettes, kundi jingine la Motown, kushika nafasi ya Gladys Horton. Kwa hiyo, mkuu, unapouliza ni nani anayeimba, tenganisha tangu mwanzo maswali mawili: kundi ni lipi, na anayeongoza ni nani. Nimeona mabishano marefu ambayo pande zote mbili zilikuwa sahihi kwa sababu kila mmoja alikuwa akijibu swali lake.

Sasa tuje kwenye santuri yenyewe. Igeuzegeuze kwenye mwanga wa pembeni usome maandishi yaliyochongwa katika eneo laini lililo kati ya mwisho wa wimbo na lebo, kwa maana hayo hayakuwekwa ili kumvutia mnunuzi na hivyo hayakuwa na sababu ya kudanganya. Nambari yenye alama ya pembetatu ni ya kiwanda cha Monarch cha Los Angeles, na kwa kuwa nambari hizo zilikwenda kwa mfuatano, wakusanyaji wameweza kuzioanisha na tarehe kwa ukaribu wa kuridhisha. Muhuri wa Bell Sound unaonyesha kwamba bamba la kwanza lilichongwa katika studio hiyo ya New York, nao muhuri wa Nashville Matrix hukutwa sana kwenye santuri za kampuni ndogo za kusini. Usisahau tu kwamba kiwanda si studio, kwani wimbo wa Detroit uliweza kabisa kutengenezewa santuri Los Angeles kwa ajili ya soko la magharibi. Niliwahi kuuziwa santuri iliyotangazwa kuwa ya Detroit, na bei yake ilipandishwa kwa sababu hiyo tu, ilhali alama zote zilikuwa za Los Angeles na mpangaji wa muziki aliyetajwa alikuwa akifanya kazi hukohuko. Alama moja isingetosha kupinga maelezo ya muuzaji. Alama mbili zisizotegemeana zilitosha.

Baada ya hapo soma majina yaliyo kwenye mabano chini ya jina la wimbo. Hayo ni ya watunzi, na kwa maoni yangu yana thamani kuliko jina kubwa lililo juu yao, kwa kuwa mtunzi alilipwa kwa jina lake na hivyo alikuwa na sababu ya kuhakikisha limeandikwa sawasawa. Watafute katika hazina za BMI na ASCAP, vyama vinavyowakusanyia watunzi mirabaha yao, ambazo ziko wazi mtandaoni, halafu katika vitabu vya orodha ya hakimiliki vilivyotolewa na ofisi ya hakimiliki ya Marekani, ambavyo hadi mwaka 1977 vimeskaniwa na vinasomwa bure. Katika kampuni ndogo mtunzi mara nyingi alikuwa mwanakikundi, mume wa mwimbaji, au mwimbaji mwenyewe. Santuri yangu moja isiyo na jina lolote la msanii ilifumbuka kwa njia hiyo: mtunzi mmojawapo alikuwa amesajili wimbo mwingine mwaka uliofuata, wimbo huo ulikuwa umetolewa na kundi lenye picha gazetini, na kutoka hapo kazi ilibaki kuwa ya kulinganisha sauti. Sitalitaja jina la mwanamke huyo hapa, kwa kuwa familia yake haijapenda lisambazwe.

Orodha hizo zina mpaka ambao watu wengi hawaujui. Sheria ya shirikisho ya Marekani ilianza kulinda rekodi za sauti tarehe 15 Februari 1972 tu, na kabla ya hapo kilichosajiliwa kilikuwa wimbo, yaani maneno na muziki wake, si sauti iliyonaswa. Ndiyo maana utamkuta mtunzi wa mwaka 1966 lakini hutamkuta mwimbaji. Mikataba ya chama cha wanamuziki, AFM, ina upungufu unaofanana na huo: inataja tarehe, mahali, majina ya nyimbo na wapigaji wote hadi wa tarumbeta ya mwisho, lakini waimbaji walikuwa katika chama kingine, AFTRA, kwa hiyo hawamo. Hata hivyo nayathamini sana makaratasi hayo, kwa sababu mpiga gitaa aliyekuwepo siku hiyo anaweza kukumbuka ni nani alisimama mbele ya maikrofoni. Magazeti nayo yasipuuzwe. Billboard, Cash Box na Record World yalitoa tahakiki fupi za santuri mpya, na magazeti ya jamii ya Wamarekani weusi, kama Chicago Defender na Michigan Chronicle, yalichapa matangazo ya kumbi yenye majina na picha za makundi ambayo hayakuwahi kuandikwa penginepo.

Sikio nimeliweka nyuma kwa makusudi, ingawa wengi hulitanguliza. Simaanishi kwamba halifai. Mtu anayeweza kumtofautisha Marijani Rajabu na Hemedi Maneti kwa mstari mmoja tu ana sikio linalotosha kabisa kwa kazi hii. Lakini sikio hushawishika, na likishaambiwa jina huanza kulisikia. Kabla ya kulinganisha, hakikisha mwendo ni sahihi, maana nakala za magendo na kanda zilizorudufiwa huenda mbio au polepole, na sauti iliyopanda kidogo tu humfanya mwanamke mzima aonekane binti. Usilinganishe noti za juu na vilio vya mwisho wa wimbo, kwa sababu waimbaji wote wa enzi hiyo walijifunza kanisani na waliigana. Sikiliza anavyotamka konsonanti, anapovuta pumzi, na anavyoumaliza mstari wakati hajitahidi kumfurahisha mtu. Na usidanganywe na vyombo: Motown ilikuwa na desturi ya kutumia rekodi ileile ya vyombo kwa waimbaji tofauti, na hata ule wimbo wa Frank Wilson uliimbwa pia na mwenzake wa Motown, Chris Clark.

Wakati mwingine karatasi zote huisha na hubaki kutafuta watu. Mwaka 2007 kampuni ya Numero Group ya Chicago, katika mkusanyiko wake wa nyimbo za lebo ya Prix ya Columbus, Ohio, iliweka wimbo wa majaribio uitwao “You and Me”, uliopatikana kwenye tepu za zamani zikiwa na jina Penny and the Quarters na bila maelezo mengine. Wimbo ulipotumika katika filamu ya Blue Valentine mwaka 2010, msako ulikuwa mkubwa, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba anayeongoza ni Nannie Sharpe, akiimba na kaka zake. Jay Robinson, aliyeutunga, alikuwa amekwisha kufariki. Jina halisi la mwimbaji halikuwa Penny, hivyo mtu angeweza kupekua orodha hadi uzeeni bila kumfikia. Aliyejua jibu alikuwa yeye na watu wake, na waliishi muda wote huo bila kujua kwamba wanatafutwa.

Ukifikia hatua hiyo, mchezeshee mhusika wimbo kwanza bila kumtajia jina lolote, kisha nyamaza. Ukimuuliza mama wa miaka themanini kama ndiye aliyeimba, anaweza kukubali kwa adabu tu, au kwa sababu aliimba nyimbo nyingi zinazofanana na huo na hakuwahi kupewa nakala hata moja. Muulize ni nani waliokuwepo, studio ilikuwa mtaa gani, nani alilipa. Majibu hayo yakioana na kile kilichochongwa kwenye santuri, umempata.

Kwa hiyo, mkuu, tuwekee hapa picha za lebo za pande zote mbili na za lile eneo lililochongwa, majina yote ya kwenye mabano kama yalivyoandikwa hata kama yanaonekana yamekosewa, na sauti ya wimbo ikiwa haijasafishwa mikwaruzo. Jina ulilopewa na simu usiliandike bado, ili wenye masikio humu waseme wanachosikia kabla hawajaliona.