Jibu: Peni ya Mfalme John yenye jina la Henry
Salamu mkuu. Umeuziwa sarafu ya peni ya fedha ya Mfalme John wa Uingereza, ukakuta imeandikwa HENRICVS REX (Kilatini, yaani Mfalme Henry), sasa unahofia ni bandia. Jina hilo lisikutie shaka: kuanzia 1180 hadi 1247 peni za huko zilibaki na jina la Henry, hata walipotawala Richard na John. Jina la John utalikuta kwenye sarafu zake za Ireland.

Anza na upande wa nyuma. Msalaba ukifika ukingoni, ni ya kuanzia 1247, John alishafariki. Ukiishia ndani ya duara, soma maandishi pembeni: jina la mfua sarafu, ON, halafu mji, mfano LVND yaani London. Kujua ni ya enzi ya mfalme yupi, mimi hutegemea zaidi jina la mfuaji. Tupia picha ya upande huo. Bila hiyo siwezi kukuhakikishia. Na tafadhali usiisugue!