Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Dada yangu, umeuliza wapi utafundishwa kumlisha mwanao mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), yaani shida ya ubongo inayomfanya ashindwe kutawala misuli yake vizuri. Nenda Coast General, ile hospitali ya rufaa ya Mombasa, ulizia tiba ya viungo (physiotherapy) na tiba kazi (occupational therapy), inayofundisha shughuli za kila siku kama kula. Usikubali wataalamu wamnyooshe viungo wao tu. Waambie wakuonyeshe wewe, na bibi yake anayeshinda naye aje pia, maana yeye ndiye mwenye kazi kubwa. Kwa sasa, tafadhali, usimlishe amelala, atapaliwa na chakula kiingie mapafuni. Mkalishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, umpe kijiko kidogo kidogo, ameze kwanza. Mkiwa hapo hospitali ulizeni pia tathmini ya ulemavu, ndiyo inayohitajika kumsajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu la Kenya.