Kwa wanaoanza kuandika kadi za maelezo ya mabango ya mbegu ya nyakati za vita vya dunia

Kadi tatu zimerudi mezani na sentensi ileile: "Serikali inawahimiza wakulima walime zaidi ili kushinda vita." Jamani. Sentensi hiyo inafaa kubandikwa chini ya bango lolote la shamba, kwa hiyo haielezi hata moja. Basi, kabla ya kadi nyingine:

1. Neno "corn". Likiwa kwenye bango la Marekani, ni mahindi. Likiwa la Uingereza, ni nafaka kwa jumla, na mara nyingi ni ngano. Picha ina masuke ya ngano halafu kadi inasema mahindi!

2. Soma maandishi madogo ya chini, ujue nani katoa bango. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilisema na mkulima. Mamlaka ya Chakula ya Marekani, iliyoongozwa na Herbert Hoover, ilisema zaidi na mlaji: punguza ngano, usitupe chakula. Lile la mchoraji James Montgomery Flagg la 1918, mwanamke aliyevaa bendera akitawanya mbegu, lilitolewa na Tume ya Taifa ya Bustani za Vita ya Charles Lathrop Pack, nalo linasema na watu wa kulima mboga zao wenyewe. Mwenye ekari mia za mahindi hahusiki hapo.

3. Hapa ndipo penye kosa linalouma, na wakongwe tunalikiri kwa sababu ni sisi tuliolianzisha. Bango linaonyesha mahindi yamepangwa safu, kila moja na namba, nasi tukaandika: "Mkulima akichagua mahindi mazuri kwa macho." Kumbe bango linasema kinyume chake: macho hayatoshi.

Vuli ya 1917 jalidi iliwahi katika majimbo ya kaskazini ya ukanda wa mahindi wa Marekani, mazao hayajakomaa. Punje zikaingia majira ya baridi zikiwa na maji mengi, na baridi ile ilikuwa kali mno. Punje kavu huvumilia. Punje yenye maji huganda na kiini chake hufa. Kwa nje inabaki nono, ya manjano, inang'aa. Ukiitia ardhini, haioti. Ndiyo maana masika ya 1918 wakulima walisisitiziwa kupima hindi mojamoja.

Kipimo kiliitwa mwanasesere wa matambara ("rag doll"). (La, si kitu cha mtoto kuchezea. Kadi mbili zimeandika hivyo.) Chukua ukanda wa kitambaa cha pamba, uchore miraba kwa penseli na kuipa namba zilezile za mahindi. Toa punje 6 kwa kila hindi: 2 karibu na kitako, 2 katikati, 2 karibu na ncha, ukilizungusha ili zisitoke upande mmoja. Zipange kwenye mraba wake, lowesha, kunja kitambaa kama mkeka, funga kwa uzi. Loweka saa chache katika maji ya uvuguvugu, chuja, simamisha kwenye ndoo iliyofunikwa, mahali penye joto. Baada ya siku 5 hadi 7 kunjua usome. Punje zote 6 ziwe na mzizi na chipukizi lenye nguvu; la sivyo hindi hilo ni la nguruwe. Kitambaa kikibaki chepechepe, punje hukosa hewa na kuoza. Mahali pakiwa baridi, hindi lililo hai huhukumiwa bure. Kitambaa kilichotumika huchemshwa kwanza, maana ukungu hurithiwa.

Kwa nini wasichanganye punje 100 na kupima mara moja? Wangejua 70 zimeota, lakini wasijue watupe hindi lipi. Punje za hindi moja zimekomaa na kuhifadhiwa pamoja, hivyo 6 huweza kuzisemea mamia yaliyobaki. Ekari moja ilichukua mahindi 12 hadi 15 tu ya mbegu. Hindi moja mfu likipita, kiasi cha sehemu moja ya kumi na nne ya ekari hiyo hubaki bila mche. Kwa hiyo namba mnazoziona kwenye picha si mapambo. Ziandikeni kwenye kadi.

4. Bango likisisitiza mbegu ya jirani, si uzalendo wa kijiji. Mbegu ya kusini huhitaji msimu mrefu; ikipandwa kaskazini, jalidi huikuta bado mbichi.

5. Bango la Marekani lisilo na mwaka: mkulima akijiwekea mbegu kutoka shambani kwake, anzeni kushuku Vita vya Kwanza vya Dunia, si vya Pili. Kufikia 1942 karibu mahindi yote ya jimbo la Iowa yalikuwa chotara (yaani ya kupandanisha aina tofauti), na mbegu ya chotara hununuliwa kila msimu.

6. Uingereza (England) ilianzisha kituo rasmi cha kupima mbegu mwaka 1917. Msikichanganye na taasisi ya botania ya kilimo ya Cambridge (NIAB), iliyoanzishwa 1919 na kukipokea baadaye.

Kadi za mwanasesere wa mtoto ziko trei ya kushoto. Miandiko yenu mnaijua.